Geji ya mtumba: ipime mezani kabla hujaifunga garini

Barua nyingi za safari hii zinalia kilio kimoja kwa sauti tofauti: geji au dashibodi nzima ya mtumba imenunuliwa, imefungwa, haisomi au inasoma uongo, na muuzaji hapokei tena kwa kuwa skrubu zimeshaguswa. Tunaanza na barua iliyogusa mengi.

SWALI: Habari za kazi, wakuu. Nina Toyota ya zamani, geji ya mafuta na ya joto zote zimelala. Nimeona dashibodi ya aina ileile kwenye duka la spea za mtumba. Muuzaji anaapa ni nzima, lakini gari la kuijaribia hana. Naweza kuipima palepale kaunta kabla sijatoa hela?
*Msomaji, Nkuhungu, Dodoma*

JIBU: Unaweza, na vifaa vyote vinaenea kwenye kapu la sokoni. Beba betri ndogo ya volti 12, ya bodaboda au ya UPS, pamoja na multimita (kipimo cha umeme na omu), nyaya nne zenye vibanio vya meno, fyuzi ya ampea 2 na kishikio chake, balbu ya indiketa ya wati 21, na rezista tano: omu 3.3, 27, 33, 100 na 220. Rezista ziwe za wati 5, zile nyeupe kama kipande cha chaki ambazo mafundi redio wanazo. Za robo wati zitakuunguza vidole kabla mshale haujafika katikati.

Macho yatangulie umeme. Geuza dashibodi uangalie ile karatasi laini ya plastiki yenye njia za shaba mgongoni. Njia iliyobanduka, iliyokatika kwenye kona au yenye weusi wa kuungua ni kazi ya kulehemu, na bei ishuke kwa kadiri hiyo. Skrubu zenye alama mpya za bisibisi zinasema kuna mtu aliingia kabla yako. Tikisa polepole: kikigonga kitu ndani, kuna jino au mshale uliokatika. Uso wa geji uliojikunja kwa jua, jambo la kawaida kwa dashibodi zilizoanikwa nje, unaweza kuuzuia mshale usipite.

Sasa multimita, kabla ya betri. Geji za mafuta na joto kwenye magari ya zamani ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya bimetali: ina miguu miwili, na ndani mna ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya mwembamba wa joto. Pima miguu hiyo miwili. Ukipata makumi ya omu, waya ni mzima. Multimita ikionyesha njia imekatika, geji imekufa na hakuna mazungumzo. Aina ya pili ni ya koili zilizopishana, yenye miguu mitatu: umeme, hasi na sensa. Pima kila miguu miwili kwa zamu. Kila safari lazima upate namba, kuanzia makumi hadi mamia machache ya omu. Sifuri au njia iliyokatika, iache.

Ikipita hapo, unga hivi: chanya ya betri iende kwenye fyuzi, kutoka fyuzi ipite kwenye balbu ya wati 21, kisha iingie mguu wa umeme, ambao mara nyingi umeandikwa IG. Hasi iende mguu ulioandikwa E, kama upo. Rezista uiweke kati ya mguu wa sensa na hasi. Balbu ile ni mlinzi wako. Geji nzima hula umeme mdogo mno, kwa hiyo balbu haiwaki. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti ndani, chomoa.

Kwa geji ya mafuta ya Toyota nyingi za zamani, tenki tupu ni karibu omu 110, nusu ni karibu 33, na tenki likijaa ni karibu 3. Kwa hiyo ukiweka rezista ya 100 mshale ukae jirani na E ya usoni (tupu), ya 33 uje katikati, ya 3.3 ufike F (tele). Kwa geji ya joto, sensa nyingi za Toyota za enzi hizo huwa karibu omu 226 kwenye nyuzi 50 na karibu 26 kwenye nyuzi 115. Rezista ya 220 iuache mshale upande wa baridi, ya 27 iupeleke upande wa moto. Mshale ukipishana na alama kwa unene wake mmoja au miwili, si kosa.

Kuna mambo matatu yanayowafanya watu waitupe geji nzima. La kwanza ni haraka: geji ya bimetali hupanda kwa kupashwa moto, kwa hiyo kila rezista ipe dakika 2 kabla hujahukumu. La pili ni kuipima ikiwa imelala chali. Isimamishe kama inavyokaa garini, maana mshale una uzito wake. La tatu ni kushangaa mshale usioanguka ukizima umeme. Geji nyingi za koili zilizopishana zina mafuta mazito ya silikoni yanayoushika mshale pale ulipoachwa, na ndivyo zilivyoundwa. Mbaya ni ile inayorukaruka kama panzi, kwa sababu mafuta hayo yamevuja.

Usithubutu kuunga betri moja kwa moja kwenye miguu miwili ya geji ya bimetali ili tu "uone kama inacheza". Kwenye magari mengi waya wake umepangiwa volti 7 au 10 kutoka kwenye kidhibiti. Ukiupa 12 bila rezista, mshale utaruka hadi mwisho, utafurahi, na waya utakuwa umepinda au kuungua. Vivyo hivyo, usipeleke chanya kwenye mguu wa sensa wa geji ya koili.

Usiondoke bila kuwasha taa za onyo moja moja. Ile ya chaji itazame kwa jicho la pekee. Kwenye magari mengi ya zamani umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha oltaneta, mashine inayochaji betri. Balbu ikiwa imekatika, au mtu kaweka LED bila rezista ya pembeni, oltaneta inaweza isichaji mpaka ukanyage mafuta sana, na lawama zote zitaangukia betri.

Muuzaji akikukatalia kuunga fyuzi ya ampea 2 kwenye mali anayosema ni nzima, umeshapata jibu lako.

SWALI: Nimefunga geji ya mafuta ya kununua dukani, mpya kabisa, kwenye pikapu yangu ya Toyota. Tenki likijaa inasoma tupu, likiisha inapanda kupita nusu. Waya nimebadilisha mara mbili. Geji mbovu?
*Dereva, Kondoa*

JIBU: Geji ni nzima, ila haizungumzi lugha moja na boya la tenki lako, yaani sensa inayoelea kwenye mafuta. Boya la Toyota yako huanza na omu nyingi likiwa chini na kushuka hadi karibu 3 likiwa juu. Geji uliyonunua inaelekea ni ya mtindo wa VDO wa Ulaya, ambao huhesabu kinyume: omu 10 ni tupu, 180 ni tele. Ikiona omu 3 inasema tupu. Ikiona 110 inasema zaidi ya nusu. Ndiyo hali uliyoieleza.

Mitindo mingine utakayokutana nayo: ya Kimarekani ya kufunga popote, 240 tupu na 33 tele, ya GM ya zamani, 0 tupu na 90 tele, ya Ford ya zamani, 73 tupu na 10 tele. Kama karatasi ya geji imepotea, ipe umeme, acha mguu wa sensa wazi uangalie, kisha uguse hasi kupitia balbu ndogo ya wati 3.4. Ikiwa wazi ikaenda E, na ikiguswa ikaenda F, ni ya familia ya Toyota, Ford au Kimarekani. Ikifanya kinyume chake, ni ya VDO au GM. Halafu rezista ndizo zitakazokutajia namba zenyewe.

Hakuna rezista ya kuongeza njiani itakayoigeuza hesabu hiyo. Badilisha geji au badilisha boya. Na boya nalo, liwe jipya au la mtumba, lipime nje ya tenki: shika mkono wake, upandishe polepole ukitazama multimita. Namba zitembee bila kuruka. Zikipotea mahali fulani na kurudi, njia ya rezista imelika pale, na kila mafuta yakifika kimo hicho mshale utaanguka ghafla.

SWALI: Fundi aliniambia sensa ya joto ya mtumba ipimwe kwa maji yanayochemka, kwamba hapo ni nyuzi 100. Nimepima, omu hazilingani na jedwali la sensa. Nimetupa mbili tayari. Nakosea wapi?
*Fundi chipukizi, Mpwapwa*

JIBU: Ziokote. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari, na sisi huku tuko juu. Mjini Dodoma, mita kama 1,100 juu ya bahari, yanachemka karibu nyuzi 96. Singida, mita kama 1,500, karibu 95. Kadiria nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Anayepima Dar es Salaam na anayepima Dodoma hawawezi kupata omu sawa kwenye sufuria inayotokota.

Chukua sensa ya VDO ya kawaida ya nyuzi 40 hadi 120. Jedwali lake ni hili: nyuzi 40, omu 287, nyuzi 60, omu 134, nyuzi 80, omu 69, nyuzi 90, omu 51, nyuzi 100, omu 38.5. Kwenye maji yanayochemka Dodoma utasoma karibu 43. Anayesubiri 38.5 ataitupa sensa nzima kila siku.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ining'inize sensa kwa waya ili shaba yake izame lakini isiguse sakafu ya sufuria, kwa kuwa sakafu ina moto kuliko maji. Kichwa cha kuungia kibaki nje. Waya mmoja wa multimita ubane kichwani, wa pili kwenye mwili. Tia kipimajoto cha jikoni ndani ya maji na uanze kuandika kuanzia nyuzi 40 hadi yachemke. Kisha, na hii ndiyo hatua inayorukwa, ondoa moto na uandike tena maji yakipoa. Sensa nzuri inarudia namba zilezile ikishuka. Inayotoa hesabu moja ikipanda na nyingine ikishuka imepasuka ndani.

Kabla ya hayo yote, isafishe. Visima vingi vya kanda hii ya kati vina maji ya chumvi, na watu wanayatia kwenye rejeta bila kufikiri. Sensa inavaa gamba jeupe kama la birika, joto linachelewa kuifikia, na geji inasoma chini wakati injini inaungua. Iloweke kwenye siki usiku kucha, isugue kwa mswaki, ndipo upime. Ukiifunga, rejeta iwe na kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi, la sivyo utarudia kazi. Na usizungushe utepe mweupe wa bomba kwenye nyuzi za sensa ya waya mmoja: inapata hasi yake kupitia nyuzi hizohizo.

Kwa magari ya karibuni, mshale wa joto huganda katikati kwa makusudi kwenye upana mkubwa wa joto ili dereva asihangaike. Ukiona hauchezi rezista ikibadilika kidogo, usiuite mbovu. Jaribu rezista za mbali, ya baridi kabisa na ya moto kabisa.

SWALI: Land Rover yangu ya zamani: geji ya mafuta na ya joto zote mbili zinasoma juu. Nimeshanunua geji mbili za mtumba, hali ni ileile.
*Mfugaji, Kongwa*

JIBU: Geji mbili haziwezi kuugua siku moja ugonjwa mmoja. Zinapokosea pamoja, tena upande uleule, mtazame anayezilisha: kile kisanduku kidogo cha bati nyuma ya dashibodi kinachopunguza umeme hadi wastani wa volti 10. Ndani mna ukanda wa bimetali unaofungua na kufunga. Unaunganishwa na hasi kupitia skrubu inayokishika kwenye bodi. Skrubu ikiota kutu, ukanda haupashwi moto, haufungui, na geji zote zinapokea volti 12 na ushee muda wote.

Usikipime kwa multimita ya namba, itakuchanganya kwa kurukaruka. Unga balbu ya wati 3.4 kati ya mguu wa kutokea na hasi. Baada ya muda mfupi ianze kuwaka na kuzimika. Ikibaki imewaka tu, kwangua kutu mahali kinapofungwa, kaza, jaribu tena. Ikikataa, hapo ndipo kimekufa. Cha elektroniki cha volti 10 kinafaa mahali pake, mradi usichanganye mguu wa kuingia na wa kutoka. Zile geji mbili ulizonunua zitunze.

SWALI: Salaam. Ninamiliki Hiace ya daladala. Spidimita iliharibika, dereva akaleta ya mtumba, ya kebo. Nataka kujua inasema kweli kabla haijafungwa, maana trafiki hawasikilizi habari ya geji mbovu. Nitaipimaje bila gari?
*Mama mwenye daladala, Kizota*

JIBU: Mama, mwambie fundi alete drili ya kasi inayobadilika na kipande cha sentimita 10 cha kebo ya ndani iliyokatika. Ncha yenye pembe nne iingie nyuma ya spidimita, ncha nyingine ibanwe kwenye drili.

Kwanza azungushe kwa vidole. Upande unaouinua mshale kidogo ndio upande wa kuelekezea drili. Akikosea, mshale utasukuma kizuizi chake na kupinda. Aanze polepole sana. Spidimita za Kijapani nyingi zimepangwa mizunguko 637 kwa kilomita moja, na mara nyingine namba hiyo imechapwa usoni au mgongoni. Maana yake, mizunguko 637 kwa dakika ni kilomita 60 kwa saa, na 1,000 kwa dakika ni kama 94. Drili ya kawaida hufika karibu 3,000, kwa hiyo akibonyeza hadi mwisho ataiua. Asipite kilomita 120 za mshale.

Atajuaje drili inazunguka mara ngapi? Hana haja ya kujua. Namba za kilomita zinaendeshwa na meno moja kwa moja, hazidanganyi. Mshale ndio unaoendeshwa na sumaku na kikombe chake, na ndio unaochoka. Basi aushike mshale kwenye 60, aangalie saa ya simu namba ya mwisho ikianza kugeuka. Kilomita moja ikitimia kwa sekunde 60, mshale ni mkweli. Ikichukua sekunde 66, gari lingekuwa linakwenda kama 55 wakati mshale unasema 60. Hiyo bado inavumilika, kwa sababu kanuni ya kimataifa ya spidimita inaruhusu kuzidisha kwa sehemu ya kumi na kilomita 4 juu yake. Ikichukua sekunde 54, mshale unasema 60 nawe uko 67. Hiyo ndiyo itakayokuponza penye kibao cha 50. Iache.

Mshale ukisoma vizuri lakini namba hazigeuki, jino la plastiki la ndani limevunjika. Mshale ukitetemeka kwenye drili, mhimili umekauka: tone moja la mafuta ya cherehani, si zaidi. Ukiwa umetulia kwenye drili halafu ukatetemeka garini, ubaya ni wa kebo, imekauka au imekunjwa kwa kona kali. Kebo ipakwe girisi kidogo kwenye theluthi mbili za upande wa giaboksi tu. Girisi ya juu hupanda hadi kwenye kikombe cha sumaku, na hapo mshale utakimbia hadi mwisho gari likiwa linatambaa.

Ikishafungwa, dereva aikague barabara ya Singida au ya Morogoro penye vigingi vya kilomita: akishika 60, kutoka kigingi hadi kigingi ni dakika moja. Ukubwa wa matairi nao unaingia kwenye hesabu hiyo, na drili haiwezi kuuona.

SWALI: Je, geji ya mizunguko ya injini na spidimita isiyo na kebo zinapimwaje mezani? Sina mashine ya kutengeneza mapigo.
*Mwanafunzi wa umeme wa magari, Manyoni*

JIBU: Mashine unayo ukutani. Umeme wa gridi yetu ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kila sekunde. Chukua transfoma ya volti 230 kwenda 12, ile nzito yenye chuma ndani, si chaja nyepesi ya simu. Upande wa volti 12, waya mmoja uende hasi ya dashibodi. Waya wa pili upite kwenye rezista ya omu 10,000 uingie beizi ya transista ya NPN kama BC547 au 2N2222. Emita iende hasi. Kolekta iende mguu wa ishara wa geji, na uiunge pia na chanya ya betri kupitia rezista ya omu 1,000. Kati ya beizi na emita weka dayodi 1N4148, mstari wake ukitazama beizi, ili nusu ya wimbi inayorudi isiivunje transista. Upande wa volti 230 uwe umefunikwa kabisa kabla hujachomeka.

Geji ya mizunguko ya injini ya petroli ya silinda 4 hupokea mapigo 2 kwa kila mzunguko, kwa hiyo mapigo 50 yasomeke 1,500. Ya silinda 6 isome 1,000, ya silinda 3 isome 2,000. Hapo hapo umejua dashibodi ilitoka kwenye injini gani: ya silinda 4 ukiifunga kwenye injini ya silinda 6 itazidisha mara moja na nusu. Spidimita ya Kijapani yenye mapigo 4 kwa mzunguko, yaani 2,548 kwa kilomita, isome karibu 70.

Angalizo mbili. Geji za mizunguko za zamani zinazoungwa kwenye koili husubiri pigo la volti nyingi kuliko hizi. Zisipocheza, hujathibitisha kifo. Na za dizeli zinazosoma kutoka oltaneta hufuata ukubwa wa puli, kwa hiyo mezani utajua tu kwamba mshale unacheza. Usigeuze chanya na hasi kwa geji hizi hata kwa kujaribu, vidude vya ndani vinaungua papo hapo.

SWALI: Dashibodi ya Coaster naweza kuipima kwa betri moja?
*Singida*

JIBU: Soma kwanza balbu zake. Coaster na Canter nyingi ni za volti 24: betri mbili ziungwe mfululizo, na balbu ya mlinzi iwe ya volti 24. Kwa betri moja taa zitafifia na mishale ya bimetali itasoma chini, utadhani ni mbovu. Ya volti 12 ukiipa 24 haitasubiri ufikiri.

SWALI: Geji ya presha ya oili ya Land Cruiser ya mtumba, multimita inasema nzima, lakini nikigusisha waya wa sensa kwenye bodi mshale unaruka mpaka mwisho. Niifunge?
*Itigi*

JIBU: Usirudie kugusisha. Geji hiyo ni ya bimetali na sensa yake hukata na kuunga umeme kwa zamu. Haikuundwa kugusishwa bodi moja kwa moja. Pitisha kwenye balbu ya wati 3.4: ukiwasha swichi, balbu iwake na mshale upande. Ukitoa, mshale ushuke hadi chini kabisa. Ukibaki juu ya alama ya chini, ukanda umeshapinda kwa ile gusa-gusa.

Sensa nayo ijaribu ikiwa kwenye injini: chanya ya betri kupitia balbu hiyo hiyo hadi kichwa cha sensa. Injini ikiwa imezimwa balbu isiwake. Ikiwashwa, imulike kwa kukatika-katika, na mwendo wa kumulika ubadilike ukikanyaga mafuta. Usichanganye sensa hii na swichi ya taa ya oili, ambayo ni ndogo na hujua kuwaka na kuzima tu.

SWALI: Dashibodi ya kisasa, isiyo na geji za kutenganisha. Nikiiwasha mezani taa zinawaka na mishale inapanda na kushuka mara moja. Inatosha?
*Area D, Dodoma*

JIBU: Inatosha kusema mota za mishale na taa ni nzima, basi. Kwenye dashibodi hizi mishale inaendeshwa na kompyuta ndogo inayopokea habari kwa nyaya mbili za mawasiliano. Mezani, bila gari, haina cha kusoma. Mshale mmoja ukikwama, mota yake ina pini nne na koili mbili. Mota ya X27.168, inayotumika sana, ina karibu omu 280 kila koili. Mshale usiuvute juu kwa vidole. Ukitoka, kuurudisha kwenye nyuzi zake ni kazi nyingine.

Namba ya spea iliyobandikwa mgongoni ilingane na ya kwako hadi herufi za mwisho. Kwa Volkswagen nyingi, kwa mfano, kizuia wizi kimo humo humo ndani ya dashibodi: ukifunga nyingine, injini inawaka sekunde moja na kuzima mpaka funguo zisajiliwe upya. Kwa Toyota mara nyingi kizuia wizi kiko kwingine na gari linawaka.

Kilomita zinahifadhiwa kwenye dashibodi, kwa hiyo utarithi za gari la watu. Siku ya kubadilisha, piga picha namba ya ile ya zamani na ya hii, uandike tarehe kwenye kitabu cha sevisi. Atakayenunua gari baadaye ana haki ya kuzijua zote mbili.

SWALI: Dashibodi niliyonunua imejaa vumbi jekundu ndani. Naruhusiwa kuipuliza kwa kompresa?
*Bahi*

JIBU: Hapana. Upepo wa kompresa unapinda mishale na ile springi nyembamba kama unywele inayourudisha mshale wa spidimita. Fungua kioo, tumia brashi laini ya rangi na pampu ya mpira ya kupulizia kwa mkono. Uso wa geji usiufute kwa spiriti wala petroli, maandishi yatatoka. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha. Njia za shaba zisugue kwa raba ya shule, si msasa. Na kabla ya kurudisha kioo, kagua ukingo wake wa mpira: kama umekatika, vumbi litarudi ndani ya mwezi.